Ukurasa wa Mshipa wa Ini

Mgonjwa wa tatu alikufa Jumanne, saa nne asubuhi, na Daktari Subilaga hakuwa amekosea kitu chochote.

Hilo ndilo lililomtisha. Kosa lina mahali pa kulishika. Mtu hulikiri, hulijutia, hujifunza. Lakini alikwisha kuzipitia kumbukumbu za upasuaji ule mara sita, na kila hatua Kitabu kilikuwa kimeipitisha. Kifuko cha nyongo kilitoka kizima na vijiwe vyake kumi na viwili. Mishipa ikafungwa, jeraha likashonwa vizuri. Siku ya tatu macho ya mgonjwa yakaanza kugeuka manjano, siku ya tano akaweweseka, siku ya saba akakata roho. Watatu ndani ya miezi minane, kwa njia ile ile, na mikono iliyowapasua ni yake.

Alijigusa nyuma ya sikio la kulia. Kitabu kilikuwa hapo, punje ndogo kama ya mtama chini ya ngozi. Alipandikizwa siku ya kuhitimu, kama kila daktari wa nchi ile kwa miaka tisini. Wazee wao walisoma vitabu, wao walivivaa. Ukimfungua mgonjwa, Kitabu hukuchorea mbele ya macho mistari ya kijani panapotakiwa kupita kisu, na vidole vyako huongozwa polepole, kama mtoto anayeshikwa mkono akifundishwa kuandika. Ukikaidi, vidole hufa ganzi mpaka utii. Hiyo ilikuwa kinga, na kinga hiyo ilifanya kazi. Tangu Kitabu kianze kuvaliwa, kifo katika chumba cha upasuaji kilikuwa kitu cha kusimuliwa mjini.

Subilaga alimkuta mjane kwenye benchi la nje ya wodi, kanga imemfunika mpaka kidevuni. Baridi ya mji mdogo wa Lwangwe ilikuwa haijapungua, na ukungu ulikuwa bado umelalia ukuta wa jiko la hospitali.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu."

"Nina ombi zito. Naomba ruhusa nimfungue mume wako tena, nitazame ndani."

Mjane aligeuza shingo taratibu. "Mlimfungua akiwa hai, mkaniambia mmemaliza. Mnatafuta nini tena?"

"Sijui kilichomuua."

"Wote walioniletea karatasi leo walijua," mama yule akasema. "Haya, nenda. Lakini umrudishe amefungwa vizuri. Wanawe watataka kumuaga."

Kupasua maiti kulikuwa kumekoma zamani. Hakukuwa na sheria iliyokataza. Watu waliona tu hakuna haja, maana Kitabu kilikwisha kupasua kwa niaba ya wote. Hata mlango wa chumba chenyewe ulikuwa umekwama, ikabidi usukumwe kwa bega. Subilaga hakumwita daktari yeyote. Alimwita Sista Tumpe, muuguzi aliyekaa chumba cha upasuaji miaka ishirini kabla goti halijamsaliti, akapelekwa kutunza stoo ya vitabu vya karatasi ambavyo hakuna aliyekuja kuviazima. Wauguzi hawakuvaa Kitabu. Kilikuwa cha madaktari peke yao.

Walimfungua marehemu. Subilaga aliinua ukingo wa ini, na mistari ya kijani ikajichora mbele ya macho yake kama kawaida: njia ya nyongo hapa, mshipa mdogo uliofungwa pale, kila kitu mahali pake.

"Hakuna kitu," akasema. "Ni kama kwenye ukurasa."

Sista Tumpe alikuwa ameinama upande wa pili, miwani imemshukia puani. "Dokta, na huu?"

"Upi?"

"Huu mnene, uliokatiza mbele ya njia ya nyongo. Umefungwa uzi na kukatwa. Ulikuwa unaingia kwenye ini. Tazama, upande huu wote wa ini umekuwa mweusi."

Subilaga alitazama. Ini lilikuwa na rangi ya ini. Mbele ya njia ya nyongo hapakuwa na kitu ila mafuta ya manjano.

"Sista, usinitanie."

"Mimi nitanie mbele ya maiti?" Akamshika Subilaga kidole cha shahada, akakiweka. "Huu hapa. Uko chini ya kidole chako."

Kidole kilikufa ganzi. Kwanza ncha, kisha mpaka kwenye fundo, kama kimechovywa kwenye maji ya barafu. Subilaga akafumba macho, akayafumbua, akasogeza kichwa huku na huku. Mafuta ya manjano. Mistari ya kijani, imetulia, mizuri. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya udaktari akatamani kutoka chumbani mbio.

"Nina macho," akasema kwa sauti ndogo, "lakini si mimi ninayeyatumia."

Sista Tumpe alimfunga marehemu kwa mikono ile ya zamani, mishono midogo na ya karibu, akamfunika. Kisha akampeleka Subilaga stoo, akamkalisha juu ya sanduku, akamimina chai kutoka kwenye chupa yake.

"Si mara ya kwanza jambo hili kutokea," akasema. "Nimekaa humu miaka tisa, nimeyasoma haya makaratasi. Huko Ulaya ya kale, mwalimu wa udaktari alikaa kwenye kiti cha juu akisoma kitabu. Chini yake kinyozi alipasua maiti, na wanafunzi walisimama kuzunguka. Kitabu chenyewe, aliyekiandika alikuwa amepasua nyani na nguruwe na mbwa. Basi wakafundishana kwamba ini la mtu lina vipande vitano. Miaka zaidi ya elfu moja, dokta. Ini liko mezani, wanalitazama, na wanaandika vitano."

"Hawakuwa na punje nyuma ya sikio."

"Hawakuihitaji. Walimwogopa mwalimu, basi."

*

Profesa Anyosisye, mkuu wa Chuo cha udaktari kilichokuwa jirani na hospitali, alimpokea mchana ule ule. Ndiye aliyemfundisha, ndiye aliyempandikiza Kitabu kwa mkono wake mwenyewe.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umekonda."

Subilaga alimweleza yote, asifiche hata mlango uliokwama. Alitegemea mshangao, au hasira. Profesa alisikiliza huku akiipangusa miwani yake, akaipangusa hata baada ya kuwa safi.

"Ni mtu mmoja katika kila kumi," akasema. "Kwao mshipa mkubwa wa ini unapita mbele badala ya nyuma. Wengine ini linavumilia likikosa damu ya mshipa ule, wengine halivumilii. Walioandika ukurasa huo waliifuta njia hiyo ya mbele ili wasiwachanganye wanafunzi. Waliona ni kitu kidogo. Baraza la Kitabu linajua kwa mwaka wa nne sasa."

"Na mkanyamaza."

"Tukaandika marekebisho. Yataingia Toleo la Kumi, baada ya miaka mitatu."

"Miaka mitatu, Profesa? Na hao watakaopasuliwa katikati?"

"Sikiliza. Nilikuwa na miaka kumi na moja wakati wa Toleo la Nne. Ukavuma uvumi kwamba kuna ukurasa mmoja una kosa. Mmoja tu, na ulikuwa kweli una kosa. Watu wakakimbia hospitali. Dada yangu aliugua kidole tumbo, kitu cha nusu saa mezani. Baba akasema Kitabu kinaua, akamleta mwuza dawa wa mnadani. Mimi ndiye niliyemshika mkono dada yangu, siku mbili. Mtaani kwetu peke yake tulizika kumi na tisa mwaka ule." Akavaa miwani. "Nikitangaza leo, nitawaokoa wa kwako na kuwaua wa kwangu. Ungekuwa kwenye kiti hiki ungefanya nini?"

Swali hilo lilimwogofya Subilaga kuliko yote, kwa sababu mtu yule hakuwa mwovu. Alikuwa mtu mwenye hofu kama yake, iliyokaa miaka mingi mpaka ikawa kanuni.

"Kesho asubuhi nina mgonjwa wa nyongo," akasema. "Fundi wa kuezeka, Lugano, kitanda cha saba. Ana usaha. Hawezi kungoja."

"Basi mwombee awe katika wale tisa."

Lakini Lugano hakuwa katika wale tisa. Sista Tumpe aliichukua picha ya tumbo lake, akaipeleka dirishani, akaisoma kwa macho yake mwenyewe, kisha akaivua miwani.

"Anao," akasema. "Unapita mbele, wazi kabisa."

Subilaga aliitazama picha ile ile, na hakuona kitu.

*

Lugano alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mabega mapana, kiganja kimoja kina kovu la msumari. Homa ilikuwa imemchoma lakini akili yake ilikuwa timamu. Subilaga alivuta kiti, akamwambia kila kitu kwa maneno mepesi, kwa kuwa aliona hana haki ya kuchagua peke yake.

"Kwa hiyo Kitabu kikikuongoza, kitakata mshipa wangu," Lugano akasema.

"Ndiyo. Na nikikataa vidole vitakufa ganzi, tumbo liko wazi."

"Daktari mwingine je?"

"Wote wanavaa kile kile."

"Ukikivua?"

"Sheria inaruhusu kukivua kwa hiari. Baraza litapata taarifa saa hiyo hiyo. Watatoka mjini, watafika mchana, nami sitakuwa daktari tena. Mpaka wafike, nina asubuhi moja."

Lugano akashika ubavu mpaka maumivu yakapita. "Bila Kitabu umepasua watu wangapi?"

"Hakuna hata mmoja."

"Unajua chochote bila hicho?"

Subilaga alitaka kusema ndiyo. "Sijui," akasema. "Kimekaa kichwani miaka kumi na moja. Sijui kipi ni changu na kipi ni chake."

"Basi nife kwa kosa lao au nife kwa kosa lako."

"Au upone. Lakini siwezi kukuahidi."

Nje ya dirisha mtu alikuwa akiburuta toroli la kuni, gurudumu likilia. Lugano alisikiliza mpaka likapita.

"Mimi nikipanda juu ya paa la mtu," akasema, "ramani huniambia boriti iko wapi. Naiheshimu ramani. Lakini sikanyagi mpaka nimegonga kwa nyundo nikasikia. Wenzangu wawili walikanyaga ramani." Akaufumba mkono wenye kovu. "Naogopa sana, dokta. Kivue."

*

Walikivua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, stoo, jua likiwa ndiyo kwanza linagusa rafu za juu. Sista Tumpe alimchoma sindano ya ganzi, akapasua kidogo, akakitoa kwa koleo ndogo na kukiweka kwenye kisosi cha chai. Kilikuwa kitu cha kijivu, hakina sura yoyote.

Subilaga alisimama, kisha akaketi tena haraka. Chumba kilikuwa tupu kwa namna asiyoweza kuieleza. Akatazama mkono wake. Aliyajua majina ya mifupa minane ya kifundo tangu mwaka wa kwanza. Akahesabu, akafika sita. Akarudia, akafika mitano.

"Sista, nasahau."

"Basi twende kabla hujasahau zaidi."

Sista Tumpe alikuwa amebeba kitabu chini ya kwapa, kitini cha zamani kilichochapwa kwa mashine ya mkono, mwongozo wa waganga wasaidizi wa vijijini. Jalada halikuwepo, hata jina la mwandishi halikuwepo. Katika ukurasa wa ini palichorwa picha tano tofauti za mshipa mmoja, na chini yake mstari: *Watu hawakuumbwa kwa kalibu moja. Usikate usichokifuata mpaka mwisho wake.*

Mtaalamu wa usingizi aliiona bendeji nyuma ya sikio la Subilaga. Akamtazama yeye, akamtazama Sista Tumpe na kitini chake, akarudi kwenye mitungi yake ya hewa.

"Mgonjwa amelala, dokta," akasema. "Mimi nipo kwa mgonjwa."

Kisu kilikuwa kizito kuliko alivyokizoea. Hapakuwa na mstari wa kijani. Ngozi ilikuwa ngozi tu, pana, haina alama, na angeweza kukata popote. Kisu kilibaki hewani mpaka Sista Tumpe akaweka kiganja chini ya kiwiko chake. Akakata. Damu ikaja, damu ya kweli, wala hakuna kilichomwambia kama ni nyingi au kidogo.

"Soma," akasema.

Sista Tumpe alisoma kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma barua. Tafuta ukingo wa ini. Inua. Subilaga akainua. Mara mbili akasimama kwa kuwa hakukumbuka kifaa kinaitwaje, akakinyooshea kidole. Nyongo ilikuwa imevimba, nyekundu, imegandamana na kila kitu kilichokuwa jirani. Ndani ya mvurugo ule hapakuwa na ukurasa wowote duniani.

Dakika ya arobaini akachana kitu. Damu ikajaa shimo lote, nyeusi, ikapanda mpaka kwenye glavu. Mashine ikaanza kulia haraka.

"Shinikizo linashuka," mtaalamu wa usingizi akasema.

Subilaga aliganda. Alikitafuta Kitabu kichwani, kama mtu anayepapasa swichi gizani katika nyumba aliyohama. Hakikuwepo. Kisha akaisikia sauti ya Sista Tumpe, haijabadilika hata kidogo: "Kama damu imejaa, usibane kwa upofu. Gandamiza kwa shashi. Hesabu mpaka mia mbili."

Akagandamiza. Akahesabu. Alipofika mia na arobaini alihisi kitu chini ya kidole cha shahada, kitu kinachodunda. Mnene, umekatiza mbele ya njia ya nyongo, unapiga na kupiga.

"Upo," akasema. Machozi yalimtoka, muuguzi mmoja akampangusa. "Sista, nausikia. Uko hapa."

"Ufuate mpaka mwisho wake."

Aliufuata mpaka ulipoingia kwenye ini. Akauacha. Chini yake, nyuma kabisa, akaupata mdogo, ule wa nyongo, akaufunga huo. Kazi ya dakika hamsini ilimchukua saa tatu na robo, na kovu la Lugano lingekuwa baya kuliko la mwanafunzi.

*

Watu wawili wa Baraza walifika saa nane mchana pamoja na Profesa Anyosisye. Hawakufoka. Walimpa karatasi mbili. Kwa ya kwanza, angekubali kupandikizwa upya siku ya nne na kurudi kazini; Lugano angeandikwa kuwa amepona kwa kufuata Kitabu. Ya pili ilikuwa ya kurudisha leseni.

"Una mikono mizuri kuliko wote niliowafundisha," Profesa akamwambia walipobaki wawili. "Wiki hii peke yake una wagonjwa kumi na wanne. Bila Kitabu hutamgusa hata mmoja. Fikiri, mwanangu."

Alifikiri siku tatu, na siku hizo zilikuwa ndefu. Kila asubuhi alijipima na kukuta kitu kimeondoka. Ijumaa ziliondoka dozi za watoto. Jumamosi alisimama mbele ya chati ya moyo asijue damu inaingilia wapi. Ilikuwa kama kutazama nyumba yako ikihamishwa, fanicha moja moja, na watu usiowaona. Kila alipopita kitanda cha saba alimfunua Lugano kope kwa kidole, akatazama weupe wa jicho. Siku ya tatu jicho lilikuwa jeupe. Siku ya nne pia. Lugano aliomba uji, akaulalamikia kwamba hauna sukari.

Siku ile ya nne Subilaga hakwenda kupandikizwa. Aliitia sahihi karatasi ya pili, akavua koti, akaenda stoo, akafunga mlango na kuomba karatasi nyeupe na kalamu.

Aliandika mpaka vidole vikavimba. Aliandika nyongo kwanza, na mshipa kama alivyousikia ukidunda. Akauchora, akauchora tena, mchoro wa mtu asiyejua kuchora. Kisha akaandika kila kilichokuwa bado hakijaondoka: jinsi ya kugandamiza damu, jinsi ya kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni, dalili za ini linalokufa. Alikuwa akishindana na kichwa chake mwenyewe, na alijua anashindwa. Mara nyingine sentensi ilikatika katikati na nusu yake haikurudi tena. Alijua pia kwamba karatasi hizi zikitoka nje zinaweza kuzaa mwaka kama ule wa dada yake Profesa. Hata hivyo mkono haukuacha kuandika.

Juu ya ukurasa wa kwanza aliandika: *Kitabu hiki kina makosa. Ukiyaona, yasahihishe, na uandike jina lako pembeni.*

Sista Tumpe aliuchukua ukurasa wa nyongo, akaupeleka penye mwanga. Aliusoma mpaka chini, akarudi juu, midomo ikitembea. Subilaga alimtazama akihisi ubaridi ule ule wa chumba cha maiti ukimtambaa mgongoni.

"Hapa umekosea, dokta," Sista Tumpe akasema. "Umeandika nyuzi mbili. Ulifunga tatu, nilikuhesabia."

Subilaga akamsogezea kalamu.